Mbwa Mzee na Mtu wa Kunikatalia

Mbwa huyu sikumlea mimi. Nilimkuta amekaa kando ya barabara ya kwenda Mabamba, siku ya nne tangu mabasi ya wakimbizi yapite kurudi Burundi. Watu wa pale waliniambia aliyafuata mabasi kutoka upande wa kambini mpaka pumzi ikamwishia, akakaa hapohapo alipoishiwa. Mvua imemnyeshea, jua limemchoma, watu wanampita. Meno mawili ya mbele hana, na mdomo umeshaota mvi. Mimi nilikuwa natoka kumtazama mama mmoja aliyejifungua, nimekaa nyuma ya bodaboda, nikamwambia kijana asimame. Akasema, "Dokta, huyo ni mbwa tu." Nikamwambia naona, mimi si kipofu.

Si dokta, ni mkunga. Lakini kwetu mtu akishavaa sare nyeupe ni dokta, basi. Nilimfunga mbwa kwa upande mmoja wa kanga, bodaboda nikaiacha iende zake, tukatembea kwa miguu mpaka Kibondo, mimi na mkoba wangu na yeye na uchovu wake.

Jina lake sikulijua. Waliomwacha walienda nalo. Nilijaribu Simba, nikajaribu Popi, nikajaribu majina yote ya mbwa niliyowahi kuyasikia, hakutikisa hata sikio. Mwisho nikachoka nikasema, "Sasa wewe!" Akaja. Likawa ndilo jina lake, Wewe. Watoto wa jirani walimwita Mkimbizi. Niliwafokea, wakaacha, yaani waliacha nikiwepo.

Sitaki kujisifu kwamba nilimchukua kwa huruma. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mume wangu afariki, watoto wote wameshaondoka, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilikuwa nawasha redio hata ya matangazo ya bei za mazao. Nilikuwa bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono ulikuwa umezoea, unachota unga wenyewe, na kila siku nusu ninaitupa. Alipokuja mbwa nikapata wa kumalizia sufuria. Alikuwa haanzi kula mpaka mimi nianze. Anakaa anasubiri, mate yanamdondoka, lakini haanzi. Huko alikotoka alilelewa na watu wenye adabu.

Tuliishi hivyo miaka minne. Nikastaafu. Wale waliokuwa wakinigongea mlango kila siku wakawa wananipungia mkono tu kutoka barabarani, wana mkunga mwingine sasa, msichana mzuri, ana simu kubwa. Mimi na Wewe tukawa tunashinda uani. Nilikuwa nazungumza naye kutwa nzima. Nilimweleza mambo ambayo hata padri sijamweleza.

Halafu nikaanguka. Goti langu la kushoto lina ugonjwa wake, likaniachia nikiwa nabeba ndoo, nikalala chini uani kuanzia saa nne asubuhi mpaka jirani alipokuja kuazima kinu mchana. Watu hupenda kusimulia mbwa alivyobweka akaokoa mtu. Huyu wangu hakubweka hata mara moja, mjinga yule. Alikuja akalala pembeni yangu, akaniegemezea mgongo, akasinzia. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Alifungua jicho moja akalifunga.

Kijana wangu ana duka la vipuri vya pikipiki Kasulu mjini. Alikuja kesho yake, uso umekunjamana kabisa, na mke wake. Akasema, "Mama, imetosha. Utakuja kukaa kwetu."

Nikauliza, "Na mbwa?"

Mkwe wangu akainamia sufuria. Kijana akasema, "Mama, unajua mtoto ana pumu. Manyoya ya mnyama ndani ya nyumba hapana."

Najua. Nani ajue kama si mimi? Mjukuu wangu nimeshamwona akitafuta hewa, midomo imekuwa ya bluu. Ndicho kilichonichoma zaidi, kwamba sikuwa na mtu wa kugombana naye. Mimi ni mtu wa ugomvi, nisipopata wa kugombana naye naumwa kichwa. Nilipewa mwezi mmoja.

Nilizunguka Kibondo yote. Mbwa mdogo kila mtu anamtaka, wa kulinda, wa kuwindia panya buku. Mzee hakuna. Jirani yangu, mtu wa masihara, alimtazama Wewe alivyolala akaniambia, "Dokta, huyu atalinda nini? Mwizi akija atamsogelea amkune mgongo." Tukacheka. Nilipofika ndani sikucheka tena. Bwana mifugo, kijana mwenye heshima zake, akaniambia polepole kama anayetoa habari ya msiba, "Mama, kuna sindano. Moja tu. Hatasikia kitu." Nilimfukuza na fagio. Lakini maneno yake yalibaki ndani ya nyumba baada ya yeye kuondoka. Nisipompata mtu, ni sindano, au ni kumrudisha barabarani nilikomwokota. Hakukuwa na njia ya tatu, na siku zilikuwa zinakwenda.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba mmoja wa Heru Juu. Zamani alikuwa akiishi Kibondo, na mke wake nilimzalisha mapacha juu ya benchi la shule, siku ambayo mvua ilikata njia ya kufika zahanati. Baadaye walihamia Heru Juu kulima mihogo. Heru Juu na Kasulu ni karibu, ningeweza kwenda kumwona Wewe kila ninapotaka. Nikampigia simu, nikamweleza. Akasema, "Mama, wewe ukishasema, mimi ni nani?"

Nikamshukuru nikakata simu, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua lile jibu maana yake nini. Ukimwomba Muha kitu asichokiweza, hakwambii hapana, hasa kama wewe ni mkubwa wake, na hasa kama mikono yako ndiyo iliyowapokea watoto wake. Atakwambia tutaona. Atakwambia ukishasema wewe. Atakwambia hakuna shida kabisa, mama. Na wewe mwenye akili zako unatakiwa uage vizuri uondoke ukijua umekataliwa. Mimi nimezaliwa hukuhuku, nimewajibu watu hivyo maisha yangu yote. Siku ile nikajifanya mgeni wa kuja.

Tulihama kwa pikapu, kitanda changu, makabati na Wewe juu ya magodoro. Tulipitia Heru Juu kwanza. Yule baba aliipokea kamba kwa mikono miwili, ameinama, kama mtu anayepokea zawadi. Mke wake alinisalimia salamu zote mpaka mwisho, hakuruka hata moja, lakini macho hayakutoka kwa mbwa. Mapacha walikuwa nyuma yake wameshika sketi, wakubwa wale, wa darasa la tano. Niliyaona yote hayo. Nikapanda gari nikasema twende, kwa sababu Wewe alikuwa ameanza kusimama.

Kwa mwanangu nilipewa chumba kizuri, kina dirisha na feni. Nisiseme uongo, walinipokea. Lakini nikishika sahani, mkwe wangu anainyang'anya taratibu, "Kaa tu mama, umefanya kazi vya kutosha." Nikishika ufagio, anaitwa msichana wa kazi. Nilipumzika mpaka mifupa ikaniuma. Asubuhi wanatoka wote, dukani na shuleni, na mimi nabaki na televisheni inayozungumza na watu wa Dar es Salaam. Siku moja niligeuka upande wa mlango nikasema, "Umeona upuuzi huu?" Hakukuwa na mtu. Niliona aibu nikazima.

Wiki ya tatu nilishindwa. Nikachukua bodaboda kwenda Heru Juu bila kupiga simu.

Nilimkuta mke peke yake na watoto. Mbwa alikuwa nyuma ya jiko, kamba ya manila shingoni, na udongo pale umechimbika duara, mahali kamba inapoishia. Hakuwa amekonda, hapana. Kwenye sahani yake kulikuwa na ugali na dagaa, dagaa wazima, siku ambayo nilipochungulia chungu cha wenyewe niliona majani ya maharage. Pembeni palikuwa na mti mrefu kama fimbo ya kuchungia, umelazwa chini. Nilimwuliza yule mama mti ni wa nini. Mtoto mmoja ndiye aliyejibu, "Wa kusukumia sahani, bibi."

Basi yule mama akakaa chini akaniambia. Kaka yake alikufa kwa kichaa cha mbwa, wakiwa wadogo, na yeye alikuwepo, aliona yote. Tangu mbwa wangu afike hajalala vizuri. Watoto hawaendi chooni bila baba yao. Mchana baba akienda shamba wanajifungia ndani.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipaza sauti, maana ndivyo nilivyo.

"Mama, nitaanzaje? Hawa wawili ni wewe uliyewatoa."

Nilitaka kuendelea kufoka lakini sikupata wa kumfokea isipokuwa mimi mwenyewe. Wiki tatu nimewaweka watu hawa kifungoni nyumbani kwao, wanamlisha mbwa wangu kitoweo chao kwa heshima yangu, na Wewe naye anazunguka duara kutwa bila mkono wa mtu kumgusa. Niliwaomba msamaha. Wakasema hakuna shida kabisa, mama. Jamani! Hata hapo.

Nikamfungua mbwa, nikamfunga kanga yangu shingoni, tukaondoka. Bodaboda wa kwanza alicheka akapita. Wa pili aliniuliza kama mbwa ana kofia ngumu. Mwisho pikapu ya mkaa iliyokuwa inakwenda Kabanga ikatupakia nyuma, juu ya magunia. Kabanga nilikuwa na nesi mmoja, binti niliyemfundisha kazi akiwa bado anaogopa damu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Pikapu ikaharibika kabla hatujafika, dereva akalala chini ya gari na spana zake, na mimi nikashuka nikakaa kwenye jiwe nikiendelea kupanga. Nikamsikia kabisa yule binti kichwani mwangu akijibu, "Hakuna shida, mama yangu." Nilikuwa nakwenda kufanya lilelile, kwa mtu mwingine, siku hiyohiyo.

Nikawaza na la nyumbani. Mkwe wangu alivyosema karibu mama, jisikie uko kwako, alisema akitazama wapi? Mjukuu wangu mkubwa analala sebuleni tangu nihamie. Na mimi, kuna aliyeulizwa kama ananitaka? Nililia pale barabarani, mchana kweupe, mtu mzima nimejaa mavumbi ya mkaa. Wewe alinilamba kiganja kwa ule ulimi wake unaonuka, nikamsukuma, akarudi.

"We mama! Mbwa wako asinikanyagie muhogo wangu!"

Sikuwa nimeona kwamba nyuma ya jiwe kuna ua wa mtu, na turubai kubwa limetandazwa, muhogo umeanikwa juu yake. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu, ameshika jembe. Kwa lafudhi yake nilijua ni wa zile familia zilizotoka Burundi zamani zikapata uraia. Nikafuta macho. Nikamwambia mbwa huyu ana adabu kuliko watu. Akatazama, na kweli Wewe alikuwa amelala pembeni kabisa ya turubai, hakugusa hata ukingo. Mbuzi wa jirani akasogea kunusa muhogo. Wewe hakuinuka, alinguruma tu, akiwa amelalia shavu. Mbuzi akaondoka.

Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nilimwambia mgeni yule, sijui jina lake, hajui langu, "Natafuta mtu wa kumchukua."

"Oya," akasema. "Simtaki."

Hivyo tu, akinitazama usoni. Niliwahi kusikia oya nyingi za Warundi, hapana yao, lakini hii iliniingia vizuri kama maji ya baridi. Nikasogea, nikaomba ruhusa nikae kwenye kigoda chake.

Akanipa maji. Akaendelea kugeuza muhogo, na baada ya kitambo akaanza kuuliza bila kunitazama. Ana miaka mingapi? Nikasema sijui, kumi huenda. Ameshawahi kung'ata mtu? Hapana. Anakula ugali wa muhogo mtupu, bila mboga? Anakula. Mguu ule wa nyuma una nini? Baridi. Akifa je, nikuite au nizike tu? Hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Zika tu."

"Mbwa kijana nilikuwa naye," akasema. "Akiona mbuzi anamkimbiza mpaka shamba la watu, halafu kesi. Nikamgawa. Huyu mzee hakimbii."

"Hakimbii hata nikianguka," nikamwambia.

Akacheka, jino moja la dhahabu likaonekana. Akasema atamjaribu siku saba. Akishindwa atamleta Kasulu mpaka mlangoni kwangu, na asisikie maneno. Nikasema sawa, nikamwachia namba yangu ya simu na kumwelekeza nyumbani kwa mwanangu. Nikamwuliza mara mbili kama anasema kweli, na mara ya pili akakasirika, "Mimi nikitaka kukataa nimeshakataa, si ulisikia?"

Dereva akaita kwamba gari limewaka. Niliondoka hivyohivyo, kanga yangu nikaiacha shingoni mwa mbwa.

Siku ya saba simu ikalia. "Anakaa," akasema, akakata.

Nilingoja wiki mbili nikaenda na dagaa. Wewe alinisikia kutoka mbali, akaja mbio, yeye asiyekimbia, karibu aniangushe, na nililia tena, siku hizi nalia ovyo. Nilikaa pale mpaka jioni, tukageuza muhogo, nikafagia ua, hakuna aliyeninyang'anya ufagio. Nilirudi kwa mwanangu nikala vizuri, mkwe wangu akaniuliza mama leo umekuwaje. Nikaenda tena. Mara ya tatu nilinunua dagaa wengi zaidi na kitenge cha mwenye nyumba, na njiani nilikuwa nimeshaamua kwamba kila Alhamisi itakuwa siku yangu. Nilikuwa na Alhamisi. Wiki nzima ilikuwa na mahali pa kwenda.

Mwenye muhogo alinikuta kwenye kichochoro cha migomba, kabla sijafika uani. Nadhani alikuwa ananivizia.

"Usifike," akasema, kwa sauti ndogo.

"Amekufa?"

"Mzima. Amelala kando ya muhogo." Akashusha pumzi. "Ukija, ukiondoka, hali. Siku tatu. Nasonga, naweka, hagusi. Analia. Nikimfungua anataka kukufuata, inabidi nimfunge kamba, na mimi sipendi mbwa wa kamba. Siku ya nne ndiyo anarudi kuwa wangu. Halafu unakuja tena."

Nikanong'ona kwamba nitakaa kidogo tu. Nikasema ninaweza kuja mara moja kwa mwezi. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba mimi ndiye niliyemwokota, na kwamba Kibondo yote wananijua mimi ni nani.

"Oya," akasema. "Wewe unafurahi siku moja, yeye anaumwa siku tatu. Mbwa mzee siku zake si nyingi. Usije tena."

Nilichemka. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kokote nilikokwenda nilikuwa nimewatafuta watu wa kuniambia ndiyo, na ndiyo zao zilimweka mbwa wangu kwenye duara la udongo. Huyu ndiye aliyeweza kunikatalia. Ni kwa sababu hiyo nilimwachia. Nikampa dagaa na kitenge. Dagaa akapokea. Kitenge akanirudishia.

Mbwa alikuwa hatua thelathini kutoka pale, nyuma ya migomba, na upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Nilisikia mkia wake ukipiga turubai mara mbili tatu, labda ndotoni. Ningenyoosha shingo ningemwona. Sikunyoosha. Nikageuka.

Kwa jirani wa pili, mzee mmoja na mkewe walikuwa wanapepeta maharage kando ya njia. Waliponiona waliacha kazi, wakasimama, wakapiga makofi ya salamu. "Mwakeye, mama!" Kwetu salamu haipitwi. Mtu anakusimamia, nawe unasimama, mnaulizana ya nyumbani na ya shambani na ya watoto mpaka yaishe, hata kama unakwenda kwenye msiba. Sijawahi kumpita mtu maishani mwangu. Lakini sauti yangu Wewe anaijua, ni sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na pale tulikuwa bado karibu. Nikaziba mdomo kwa kanga, nikainamisha kichwa, nikapita katikati yao kama sijawaona. Nyuma yangu nikawasikia wakiulizana wamenikosea nini.